Ukuta wa Bafu na Miguu ya Tshibola

Manika, Kolwezi
25 Aprili 1993

Tata Tshibola,

Salamu nyingi sana, baba wa mtoto wetu, kutoka kwangu na kwa mama yangu. Barua hii anaileta Tata Tharcisse, yule mtu wa reli wa Kamina uliyembandikia vigae jikoni kwake. Ameniahidi kwamba akifika Mwene-Ditu atakutafuta mpaka akupate, na mimi nimemwamini, kwa sababu kila asubuhi anakunywa chai mbele ya kazi yako.

Mama yuko vilevile. Mkono wa kulia haujarudi na maneno yanatoka nusunusu. Kila siku ananiuliza mjukuu wake yuko wapi. Namwambia amekwenda Kasai na baba yake kusalimia ukoo. Ananitazama tu. Amepooza mwili, akili haijapooza.

Bado nawasikia wale vijana waliokuwa wakiwafukuza Wakasai pale stesheni: "Mutoto anafwata baba. Mama ni wa kwetu, anabakia." Eti wewe uliyezaliwa hapa Kolwezi, uliyebatizwa hapa na kunioa hapa, si wa hapa. Na mtoto niliyemzaa mimi, mwana wa Katanga, naye si wa hapa kwa sababu ni wako. Nilimpitisha dirishani mwa behewa ukampokea kwa mikono miwili. Nilibaki kwa ajili ya mama, Tshimanga mume wangu. Naliandika hili wazi ili asije mtu huko akakuambia lingine.

Sasa sikiliza. Ma Sœur Odile, mtawa anayesimamia maternité, hospitali ya wazazi, ameniita. Bafu la wazazi ulilokuwa umeanza kulibomoa limebaki matofali matupu. Akina mama wanaotoka kujifungua wanaogea uani nyuma ya shuka, na baridi ya Juni inakuja. Vifaa ulivyoagiza viko stoo vyote, lakini mafundi wa vigae hawapo. Wote walikuwa watu wenu wa Kasai, na wote wamefukuzwa, wamepanda treni. Basi nimemwambia nitafanya mimi. Akaniuliza mara mbili kama nimesikia vizuri swali.

Usicheke. Nimekuwa nikikubebea karai tangu tuoane, nimekutoa gundi kwenye nywele kwa mafuta ya mawese. Nimeona kazi, sijaijua tu. Nikiwa na kazi kwa watawa, hakuna kijana atakayenigusa barabarani kwa sababu ya jina la mume wangu. Niandikie kila kitu tangu mwanzo, kama unamwandikia mtu asiyejua lolote, na usijigambe sana. Numbi, mdogo wangu, hana shughuli tangu kazi ipungue kule mgodi wa Mashamba. Atanisaidia plasta.

Nyumba iko mahali pake.

Tshibola anakula nini? Analala na nani? Usinifiche.

Agnès Kisimba, mkeo


Mwene-Ditu
16 Mei 1993

Mama Tshibola,

Nimeipokea barua. Tharcisse alinikuta kwenye foleni ya maji, akaniita kwa sauti kubwa kama mtu aliyefika sokoni, nikajua ni wewe uliyemtuma. Nilisoma nikiwa nimesimama mpaka ndoo yangu ikarukwa zamu.

Tunakaa katika shule ya msingi karibu na stesheni, darasa la tano. Hesabu bado ziko ubaoni na hakuna aliyezipata. Watu wa hapa wakisikia Tshiluba changu wanashika mbavu, maana kila neno la tatu ni Kiswahili. Huko tuliitwa Wakasai, huku tunaitwa watu wa Katanga. Nitakwenda Angola labda, wanipe jina jingine.

Mke wangu fundi! Haya, tuanze.

Ukuta kwanza. Usifungue kopo lolote kabla plasta haijakauka. Ingoje mpaka rangi yake iwe moja juu na chini. Kisha irushie maji kwa vidole. Yakinyonywa mara moja, ukuta una kiu. Chukua primaire, ile iliyo nyeupe kama maziwa, izimue kwa maji kidogo, upake mara mbili. Yakibaki juu yanateleza, pale pana mafuta au sabuni ya zamani, pakwaruze. Pitisha kiganja: kikitoka na vumbi, hujamaliza kufagia. Na ujue kwamba primaire haizuii maji. Wengi wanadhani hivyo, wakishapaka wanapumua. Kazi yake ni kuufanya ukuta ushikane na kitakachofuata, basi.

Kinachozuia maji ni ile rangi nzito ya buluu iliyo kwenye ndoo. Tabaka la kwanza lipake toka juu kwenda chini, la pili toka kushoto kwenda kulia. Pale ukuta unapokutana na sakafu, na kuzunguka bomba, zamisha kitambaa cha wavu ndani ya rangi ikiwa bado mbichi. Utaona pia kopo la lami nyeusi. Liache hapo lilipo. Lami inazuia maji vizuri sana, tatizo lake inaizuia na gundi.

Gundi ziko mbili. Moja iko kwenye ndoo, imeshachanganywa, laini, nyeupe, nayo itakuvutia kwa sababu haina kazi. Ile ni ya ukuta mkavu. Ukiiweka bafuni, ikalowa kila siku, inarudi kuwa uji na vigae vinamdondokea mama wa watu akiwa anaoga. Wewe chukua ile ya unga, ya mifuko ya kijivu. Changanya na maji safi, iache ipumzike, changanya tena. Ikianza kukaza ndani ya karai, usiiongezee maji, itupe. Najua hujawahi kutupa kitu maishani mwako. Hii itupe. Paka ukutani kwa mwiko wa meno, paka na mgongo wa kigae, kandamiza. Mara mojamoja kibandue ulichotoka kukibandika ukitazame nyuma. Kama gundi haijaenea mgongo wote, maji yatapata chumba cha kupanga.

Kuhusu mianya kati ya vigae nitakuandikia ukifika huko.

Tshibola hajambo. Alikuwa na kikohozi kidogo, sasa kimekwisha. Anakula ugali wa bukari na majani ya sombe kama sisi wote, na analala nami.

Kufuli la mlango wa nyuma lipake mafuta, lisishike kutu.

Mumeo,
Tshimanga


Manika
10 Juni 1993

Tata Tshibola,

Ungekuwa hapa ungevua kofia! Plasta imekwisha, primaire imepita, buluu imepita mara mbili, na vigae vimefika usawa wa bega langu. Ma Sœur Odile amekuja akapapasa ukuta kwa kiganja, akaenda kuniletea chai mwenyewe. Kwa mtu yule, hiyo ni hotuba.

Tulihangaika na mchanga. Lori zilizokuwa zinaleta mchanga wa mto Lualaba, moja iliporwa na nyingine hazina mafuta. Numbi akaleta kwa baiskeli mchanga wa rejet, ule laini ambao kiwanda kinaumwaga lundo baada ya kuosha mawe ya shaba. Sasa mji mzima unaujengea, ni wa bure. Hauhitaji hata kuchekecha, ni laini kama unga wa mahindi. Plasta ilipokauka ikatoa poda nyeupe nzuri, pembeni kijani kidogo. Nikakumbuka ulivyosema kuhusu vumbi, nikaifagia, nikapaka primaire. Gundi ya ndoo sikuigusa. Na gundi iliyokaza niliitupa, nikaitazama ikiwa chini kwa uchungu, lakini niliitupa.

Akina mama wanakuja kuchungulia. Mmoja akamwambia mwenzake: "Angalia mwanamuke anabandika vigae kama mwanaume. Bwana yake akirudia atakuta kazi yake imeisha kuolewa na mwingine." Nilicheka, halafu nikaenda stoo nikakaa kidogo peke yangu.

Lakini nina ugomvi nawe. Umeniandikia kurasa mbili za gundi na mistari miwili ya mtoto. Mtoto bado hajatimiza miaka minne, ana mwili, ana nywele, ana tabia. Niandikie mtoto kama unavyoandika ukuta. Nataka nimwone.

Agnès


Mwene-Ditu
1 Julai 1993

Mama Tshibola,

Simama. Usibandike hata kigae kimoja zaidi.

Mchanga wa rejet hauingii kwenye plasta ya bafu. Mawe yale yameoshwa kwa dawa kali, na dawa imebaki ndani pamoja na shaba iliyowashinda kuitoa. Poda uliyoiona ni chumvi, na kijani ni shaba. Ukuta mkavu utavumilia mwaka, miwili. Bafuni, unyevu ukiingia, chumvi inavimba nyuma ya buluu na kuisukuma, na saruji inaliwa polepole. Kwa nje vigae vitang'aa, vimenyooka, kila mtu atakusifu. Kisha siku moja ukuta wote utashuka pamoja. Utamshukia mama aliyetoka kujifungua, na mtoto mkononi.

Sikukuambia kwa sababu haikunijia kabisa. Sisi mafundi wa Kolwezi tunalijua hilo kama tunavyojua mlango wa nyumba. Nilikuandikia mambo ya makopo nikasahau mchanga.

Ubandue wote. Kwaruza mpaka tofali, osha, acha lipumue. Numbi aende mtoni hata kwa baiskeli, safari nyingi, na mchanga auoshe mpaka maji yatoke meupe. Gundi ya unga haitatosha tena. Chovya basi vigae kwenye maji mpaka viache kutoa mapovu, kisha vibandike kwa saruji tupu iliyochanganywa na primaire iliyobaki. Ni kazi ya zamani, nzito, lakini inashika. Pole, mke wangu. Najua mikono yako ilivyo sasa.

Umetaka mtoto kama ukuta. Haya, mtoto huyu hapa.

Amenenepa! Sikutaka kukuambia kwamba mwanzoni alikonda. Sasa mashavu yamejaa, na miguu imejaa mpaka kandambili zake nimezikata ukanda. Nywele zimebadilika, zimekuwa laini, rangi ya kahawia, na wanawake wa hapa wanamwita kamzungu. Ngozi ya miguu inambanduka kidogo, nadhani ni vumbi la hapa. Na amekuwa mpole, Agnès, ungeshangaa. Yule aliyekuwa anapanda meza! Ukimweka mahali anakaa hapohapo. Halii, hasumbui mtu, hata chakula haombi. Darasa zima wananiambia nina bahati ya mtoto mtulivu.

Nyumba vipi? Hujaniandikia nyumba.

Tshimanga


Manika
14 Julai 1993

Tshimanga,

Mara tu ukisoma hapa, weka barua chini. Mshike mguu, mbonyeze juu ya unyayo kwa kidole gumba, uhesabu polepole mpaka kumi, uachie. Kisha rudi usome.

Kama shimo la kidole limebaki, hajanenepa. Ni maji. Ni ugonjwa wa mtoto anayeshibishwa bukari peke yake bila maziwa, bila samaki, bila yai. Huku maternité tunaye mtoto wa namna hiyo kila kitanda siku hizi. Nywele zinageuka hivyo. Ngozi inabanduka hivyo. Na ule upole, mume wangu, siyo tabia. Ni nguvu zinazomwisha. Mtoto anayelia tunamshukuru Mungu. Tunaowaogopa ni wale wanaokaa pale ulipowaweka.

Nilipiga kelele nilipoisoma barua yako, mpaka Ma Sœur akaja akidhani mama amekufa. Sikulaumu. Nami nilitazama chumvi inatoka ukutani nikaiita nzuri. Ila ukuta nimeubandua wote, uko chini uani, na mtoto habanduliwi akaanzwa upya.

Mpeleke kwa wamisionari wa huko leo. Maziwa kidogokidogo, mara nyingi, kwa kijiko. Usimshindilie chakula kwa mapenzi, unaweza kumuua. Kama hawana maziwa, na nasikia hawana, mpe Tharcisse amlete. Ma Sœur ana maziwa ya unga na mafuta, na ameshamwekea kitanda.

Sasa sehemu ngumu. Tharcisse anasema kwenye stesheni za Kamina na Tenke vijana bado wanapanda ndani ya mabehewa na kuuliza. Mtoto wa Tshimanga hatapita. Mtoto wa Numbi atapita. Numbi amekubali. Itabidi asafiri kama mtoto wa mdogo wangu, kwa jina la ubatizo ambalo hatulitumii, Elise. Elise Numbi. Na akifika, abaki hivyo mpaka mji upoe, kwa sababu hapa nako wanauliza.

Na ujue kwamba hakuna nyumba ya kulinda. Niliandika iko mahali pake, na kweli ipo. Wanaolala ndani ni wengine, tangu wiki ile mliyoondoka. Mimi na mama tunalala stoo ya maternité, kati ya mifuko yako ya gundi. Usiniambie tena habari ya kufuli.

Nipe mtoto wangu.

Agnès


Mwene-Ditu
29 Julai 1993

Agnès,

Nilibonyeza. Shimo limebaki. Nikabonyeza na mguu wa pili nikitumaini, kama mtu asiyejua kuhesabu.

Kwa wamisionari tumekwenda. Foleni inaanza barabarani. Maziwa yaliisha mwanzo wa mwezi. Wakanipa unga wa soya uliojaa kikombe na maneno mazuri.

Lakini unaloniomba siliwezi. Waliniondoa kazini nikanyamaza. Waliniondoa mjini nikapanda treni bila kurusha jiwe. Nyumba, sasa unaniambia, nayo imekwenda, na nyumba ile kila kigae chake nilikibandika mimi. Nimebaki na kitu kimoja ambacho hakuna aliyeweza kunipokonya, kwamba mama yangu Tshibola amerudi duniani katika mtoto huyu na anaitwa kwa jina lake. Leo unataka niwakabidhi hata hilo, kwa mkono wangu? Mtoto wangu aite mtu mwingine baba ili kijana aliyelewa stesheni aridhike? Numbi ni mtu mzuri. Alikula kwangu. Lakini hapana. Nitatafuta maziwa. Kuna mtu anakwenda Mbuji-Mayi. Nipe muda.

*

31 Julai

Karatasi ile ya juzi sikuituma, na sikuichana. Isome tu, ujue ilivyokuwa.

Jana mtoto wa jirani yetu hapa darasani, mtoto wa mama Kanku, alizikwa. Alikuwa mpole kama wetu. Wote tulikuwa tunamsifu.

Nimekaa na Tshibola tangu jana namfundisha. Nauliza, jina lako nani? Anasema Tshibola. Nasema hapana. Nauliza tena. Mwanzoni alidhani ni mchezo na akacheka kidogo, mara yake ya kwanza tangu sijui lini, na mimi nikamkatalia. Baba yako nani? Alininyooshea kidole. Nikamshusha kidole. Sasa anajibu vizuri. Nimemwamsha usingizini nikamuuliza, akajibu vizuri hata hapo.

Anayekuletea barua hii amembeba. Mpokee.

Kuhusu mianya. Ya sakafuni ijaze kwa ile ya makopo mawili, A na B, ya resini. Changanya kidogokidogo kwa sababu inaganda upesi, na futa uso wa kigae kabla haijakauka, baadaye haitoki hata kwa patasi. Bafu la wazazi lina damu na dawa ya javel ya kusafishia kila siku, na vyote viwili vinakula saruji. Ile ya resini haviiwezi. Ukutani unga mweupe wa kawaida unatosha. Ujaze kwa mpira, mshazari, usiuvute kufuata mwanya, utauchimba tena. Pembeni kabisa, ukuta na ukuta, usijaze chochote kigumu. Acha pacheze.

Sijui kwa nini nakuandikia haya leo. Mkono unaandika unachokijua.

Tshimanga


Manika
5 Septemba 1993

Tata Tshibola,

Yuko hai. Naanza na hilo.

Tharcisse alimshusha hapa akiwa amefungwa mgongoni kwa kanga, mtu mzima yule, na sare yake ya reli. Tenke walipanda vijana wanne. Mmoja akamwinamia mtoto: "We, unaitwa nani?" Akajibu. "Papa yako?" Akajibu. Tharcisse anasema jibu lilitoka kabla swali halijaisha. Yule kijana akampa kipande cha muwa akashuka.

Wiki mbili za mwanzo sikukuandikia kwa sababu sikujua nitaandika nini. Alikuwa anafungua mdomo kwa kijiko kama mtu anayefanya kazi ya wengine. Kisha akaanza kukojoa, akakojoa, maji yote yakatoka, na chini yake akabaki mtoto mwembamba kama fimbo. Ukimsikia mtu anasema amekonda, usishtuke. Kwa ugonjwa huu kukonda ndiyo kupona. Juzi aliupiga mkono wa Ma Sœur Odile uliokuwa na kijiko, akalia kwa hasira, na sisi wawili tukakumbatiana pale kama wendawazimu.

Bafu limekwisha. Mchanga wa mto, safari za Numbi sijui ngapi, vigae vya kuchovya, resini sakafuni. Pembeni pameachwa pacheze. Gonga popote, panajibu vizuri. Akina mama wanaoga ndani, na mimi ndiye ninayefunga mlango jioni. Wamenipa na jiko la watawa nilifanye.

Mama alimwona mjukuu akatoa machozi kwenye jicho moja, lile linaloweza.

Sasa kuna jambo nililotaka nisikuandikie, lakini tumeshafichana vya kutosha. Mbele ya watu namwita Elise, kama tulivyopatana. Jana tulikuwa peke yetu bafuni, mlango umefungwa, namwosha. Nikasema, sasa hakuna mtu, nimwite mtoto wangu. Nikamwita polepole: Tshibola.

Akageuka akatazama mlango. Kisha akaniziba mdomo kwa mkono wake uliolowa. "Mama, usiseme ile. Papa alisemaka, nikisema ile jina, mama atapotea."

Nikamwambia sipotei, nipo, tazama. Nikamwita tena. Akalia mpaka akatapika maziwa yote. Analala ameshika nguo yangu kwa ngumi zote mbili.

Mimi sijui nifanye nini. Ulimwambia hivyo kweli?

Agnès


Mwene-Ditu
27 Septemba 1993

Mama yake,

Kweli nilimwambia. Vingine vyote havikushika. Pipi sikuwa nayo, na kumpiga nisingeweza, alikuwa amebaki ngozi na maji. Nikatafuta kitu anachokiogopa kuliko vyote, nikakipata upesi, kwa sababu ndicho ninachokiogopa mimi.

Ameshika vizuri kuliko nilivyotaka, na ndiyo maana yuko hapo. Usimwite tena jina lile, hata mkiwa peke yenu. Usimfundishe upya, ametoka kufundishwa. Mwache akushike nguo mpaka achoke mwenyewe. Mama yangu alilitumia jina lake mpaka uzeeni na hakuna aliyemkataza, hataona ubaya likilala kwa muda.

Hapa nimepata kazi kidogo kwa wamisionari, bafu la wagonjwa. Sisemi nitarudi, na sisemi uje, mama hawezi safari. Nitaandika kila Tharcisse akipita. Numbi mpe mkono wangu. Mwambie simwonei wivu, na kwamba hapo nimedanganya kidogo.

Umsalimie mtoto. Mwambie papa amesema amejibu vizuri, na mama hatapotea.

Ni mimi,
Tata Elise